Mistari Minane ya Kunyamazisha King'ora

Vijana wangu, tangu nistaafu mmekuwa mkinijia hapa Gatongora wawili wawili, kompyuta mgongoni, na swali lenu ni lile lile: mzee, tuanze na lugha gani ya programu? Mimi huwapa chai, kisha huwajibu kwamba muanze na bisibisi. Mnacheka, mkidhani mzee anatania. Sitanii. Nimeandika programu tangu wengi wenu hamjazaliwa, na sehemu kubwa ya muda huo nilikuwa juu ya ngazi, kichwa kimeingia ndani ya dari ya mtu, natafuta waya.

Sasa nimekubali kuwaandikia, lakini kwa masharti yangu. Sitaanza mwanzo. Sitawaambia nilivyosoma kwa koroboi, kwa sababu nyumbani kwetu Thika tulikuwa na stima. Nitawaambia jinsi nilivyokaribia kuua vifaranga wa watu wa Witeithie kwa sababu ya uvivu wangu. Kabla ya kufika huko nitaeleza kidogo kazi yenyewe, ili mkisikia dhambi mjue ukubwa wake.

Kampuni yetu ilikuwa ndogo, watu wanne ghorofani juu ya duka la dawa za mifugo. Tulikuwa tunawafungia watu vipimajoto kwenye vyumba baridi vya maua, matangi ya maziwa na mashine za kutotoa vifaranga. Kipimajoto chenyewe ni kidogo kama punje ya mahindi. Vinaungwa vingi kwenye waya mmoja mrefu, na waya huo unaishia kwenye adapta, kidude cha ukubwa wa kidole gumba. Upande mmoja kina USB ya kuingia kwenye kompyuta, upande wa pili kina tundu kama la simu ya mezani. Adapta tulizopata zilikuwa za bei rahisi, na draiva iliyokuja na Linux, mfumo wa kompyuta zetu, ilikuwa imeandikiwa binamu zao, kwa hiyo walielewana nusu nusu. Ikabidi tuandike yetu, na kazi hiyo nikapewa mimi.

Draiva ni programu inayokaa ndani kabisa ya kompyuta, mahali panapoitwa kerneli, ikiongea na kifaa kwa niaba ya programu nyingine zote. Programu ya kawaida ikikosea inajifia peke yake. Draiva ikikosea, kompyuta nzima inaganda, pamoja na barua ambayo meneja alikuwa anaiandika. Mwezi wangu wa kwanza niliigandisha kompyuta ya ofisi mara nyingi hivi kwamba meneja aliacha kuuliza kumetokea nini. Alikuwa anainuka tu, anashuka ngazi kwenda kununua mandazi. Alinenepa sana mwaka ule na mkewe hakujua kwamba chanzo ni mimi.

Aliyenifunza kazi alikuwa Wafula, mtu wa Bungoma, fundi wa laini za simu tangu zamani zile simu zilikuwa hazijaanza kukaa mfukoni. Kuandika programu hakukuwa kipaji chake. Alichojua ni waya, na waya alikuwa anaujua kama watu wanavyowajua majirani.

"Fikiria ploti ya Ruiru," aliniambia. "Vyumba ishirini, mfereji mmoja. Watu wakichota wote saa moja ni vita. Lazima kuwe na laini."

Waya wetu uko hivyo. Kompyuta inapiga hodi, vipimajoto vyote vinajibu pamoja kwamba vipo. Kisha kila kimoja kinaitwa kwa nambari yake, kinaambiwa pima, kinapima kwa muda usiofika hata sekunde moja, kinatoa jibu na kunyamaza. Wafula alinikataza nisiandike mstari hata mmoja kabla sijaiona hodi hiyo kwa macho yangu, kwenye kioo cha oskiloskopu yake kuukuu, mashine inayochora umeme wa waya kama mawimbi. Mashine ile ilikuwa inachukua dakika kumi kupata moto, na ilikuwa inanuka vumbi lililoungua. Nilikuwa naiona upuuzi mtupu, lakini nilikaa.

Msidhani nilikuwa msikivu kila mara. Kuna chumba baridi cha maua nje ya Ruiru ambapo nilivuta waya kutoka katikati kwenda kila pembe, kama miguu ya buibui, kwa sababu ilionekana nadhifu kwenye picha. Hakuna kipimajoto hata kimoja kilichosomeka. Siku mbili nzima nikakaa nimevaa koti la baridi nikirekebisha draiva. Siku ya tatu Wafula akaja, akatazama juu, akaniuliza ni nani aliyeniambia waya unaota matawi. Kumbe sauti ya kompyuta ilikuwa inafika mwisho wa kila tawi, inagonga, inarudi kama mwangwi, hadi vipimajoto vikachanganyikiwa. Nikashusha kila kitu na kuunga upya, waya mmoja kutoka cha kwanza hadi cha mwisho, kama kamba ya kuanika nguo. Draiva haikuwa na kosa lolote. Kwa zile siku mbili nilikuwa nimeiongezea makosa mawili, na ilinichukua wiki kuyatoa.

Mwalimu wangu wa pili alikuwa Akinyi, na mpaka leo hajui kama alinifunza. Alikuwa anafagia kwenye kituo kimoja cha kupoza maziwa. Kila asubuhi alikuwa anachomoa adapta yetu ili achaji simu. Draiva, ikiwa katikati ya swali, inakuta mwenzake ametoweka, na kompyuta inaganda. Nilibandika karatasi iliyoandikwa USICHOMOE. Kesho yake nikakuta adapta imechomolewa na karatasi ikiwa imefungiwa maandazi.

"Fundi, si shimo ni shimo tu?" aliniuliza nilipomfuata. "Na simu yangu ilikuwa na asilimia tatu."

Nilitambua kwamba sitamshinda. Nikaifunza draiva kuvumilia kuachwa katikati ya mazungumzo, ifunge mambo yake taratibu na isubiri mwenzake arudi. Ndani ya programu, juu ya sehemu hiyo, niliandika kwa Kiswahili: hii ni kwa sababu ya simu ya Akinyi. Miaka baadaye mhandisi mmoja wa ng'ambo alinitumia barua pepe akitaka kujua Akinyi ni kiwango gani cha kiufundi, maana hakukipata kwenye vitabu. Nilimjibu kwamba ni kigumu kuliko vyote.

Haya, sasa nambari 85. Ishikeni vizuri, kwa sababu bado ipo, na itawakuta hata ninyi mnaotumia mashine za kisasa.

Vipimajoto hivi vinaweza kufanya kazi bila waya wao wa umeme. Vinanyonya kidogo kutoka kwenye waya ule ule wa kuongelea. Ni ujanja mzuri, unaokoa waya. Shida ni kwamba umeme ukilegea wakati kipimajoto kinapima, kinapoteza fahamu. Kikizinduka, nambari iliyo mdomoni mwake ni nyuzi 85, kwa sababu ndivyo kilivyotengenezwa kiwandani. Si joto la mahali popote. Ni kama mtu aliyesinzia kanisani, ukimgusa anasema amina kabla hajajua ni nini kilichoombwa.

Wafula alinieleza mapema namna ya kumtendea mtu wa aina hiyo. Alisema nikipata 85 nisiiamini, na pia nisiifunike. Niipeleke juu kama kosa, ili aliye mbele ya kioo ajue kwamba kifaa hakikujibu. "Kisipojibu, usikijibie," alisema. Akayarudia maneno hayo siku ya kuondoka kwake kurudi Bungoma, akiwa ameshika oskiloskopu yake kifuani kama mtoto. Nilimwambia nimesikia. Na kweli nilikuwa nimesikia.

Mama Nyokabi alikuwa na inkubeta moja kubwa Witeithie, nyuma ya nyumba yake, ya ukubwa wa kabati la nguo la watu wawili. Hakuwa akitotoa mayai yake. Watu wa pande zile walikuwa wanamletea mayai ya kuku wao wa kienyeji, na kila yai liliandikwa jina la mwenyewe kwa penseli, kwa sababu wino hupenya ganda. Siku ya ishirini na moja walikuwa wanakuja na makatoni kuchukua vifaranga. Mama Nyokabi alikuwa mjane, na heshima yake yote pale mtaani ilikuwa hiyo: umemwachia mayai, atakurudishia vifaranga. Yakimharibikia mara moja tu, watu wangeanza kupeleka mayai Juja, na mashine ile ingebaki kabati kweli.

Kabla yangu, alikuwa anapima joto kwa jicho. Sisemi alikuwa anatazama. Alikuwa anafungua mlango, anachukua yai moja, anafumba jicho na kulikandamiza pale juu ya kope kwa muda mfupi. Kisha anaongeza moto au anapunguza. Wanawake wengi wenye mashine hizi hufanya hivyo, na mimi nilipoiona mara ya kwanza niliicheka.

"Mama, jicho halina nukta," nilimwambia. "Kompyuta itakuambia 37.5, na itawasha na kuzima moto yenyewe."

Ilinichukua ziara tatu kumshawishi. Mwishowe akakubali, nikafunga vipimajoto vinne, adapta, kompyuta kuukuu ya ofisini, na king'ora cha kulia joto likipita kiasi. Alikisifu king'ora kuliko kompyuta.

Sasa, ukuta kwa ukuta na Mama Nyokabi kulikuwa na kanisa. Jumapili saa nne wakiwasha vipaza sauti vyao, stima ya pande ile yote ilikuwa inalegea. Kipimajoto kimoja kinazirai, kinazinduka, kinasema 85. Kompyuta inaona mayai yanachemka, king'ora kinalia, waumini wanasimama wakidhani ni kiama kimeanzia kwa Mama Nyokabi. Na mimi, nikiwa kwenye benchi la kanisa letu hapa Ruiru, simu inatetemeka mfukoni. Wiki ya kwanza nilitoka nje kuongea na Mama Nyokabi. Wiki ya nne, mchungaji alikuwa ameanza kunitazama kabla simu haijatetemeka.

Dawa nilikuwa naijua. Ilikuwa kupanda kwenye dari na kuvuta waya wa tatu, waya wa umeme, ili vipimajoto viache kunyonya. Kazi ya nusu siku, kwa tumbo, kwenye vumbi na kinyesi cha panya. Au ningepeleka kosa juu, jinsi Wafula alivyosema, na king'ora kingeendelea kulia hadi nivute waya huo. Mimi nikaketi sebuleni kwangu na kikombe cha chai, nikafungua draiva, nikaandika mistari minane. Ilisema hivi kwa ufupi: ukipata 85, au usipopata jibu, mpe anayeuliza nambari ya mwisho uliyokuwa nayo.

Jumapili iliyofuata king'ora kilinyamaza. Mama Nyokabi aliniita akanipikia mukimo. Nikala, nikaongezewa, na sikusikia kitu chochote kikinichoma moyoni. Nawaambia hili waziwazi kwa sababu mnadhani dhamira hupiga kelele.

Miezi ikapita. Kisha, Alhamisi moja asubuhi, mayai yakiwa yametimiza siku kumi na saba ndani ya mashine, akanipigia simu.

"Fundi Kariuki, kompyuta yako inasema 37.6."

"Hiyo ni nzuri, mama."

"Jana jioni ilisema 37.6. Nimeamka, 37.6. Sasa hivi, 37.6."

"Hiyo ni nzuri hata zaidi."

"Nimeweka yai kwa jicho. Ni baridi."

Nilimweleza, kwa sauti ya mtu mwenye cheti, kwamba pengine ameamka na homa. Mwenye homa, yai la kawaida litamwonekea baridi. Ni fizikia.

"Kuja," akasema, akakata.

Nilifika nikiwa bado na tabasamu la kumfariji mgonjwa. Nikasimama mbele ya kioo cha kompyuta dakika moja, dakika mbili. 37.6. Joto la kweli halitulii, vijana. Linatikisika: 37.4, 37.7, 37.5, mtu anafungua mlango linashuka, feni inazunguka linapanda. Hili lilikuwa limetulia kama picha ya kitambulisho. Tabasamu likaanza kunitoka. Nikachukua kipimajoto cha kioo kilichokuja na mashine, alichokuwa amekiweka kabatini tangu nimwambie ni cha kizamani, nikakiingiza kati ya mayai. Kilionyesha 29.

Mambo yalikuwa hivi. Panya alikuwa ameutafuna waya darini, akauacha umeshikwa na uzi mmoja wa shaba. Vipimajoto vyote vinne vilikuwa havipati nguvu ya kupima. Kila vilipoulizwa vilisema 85, na kila viliposema 85, mistari yangu minane ilivifunika mdomo na kutoa 37.6 ya jana. Kompyuta ilikuwa imeambiwa iwashe moto joto likishuka chini ya 37.5. Kwa hesabu yake joto halikushuka kamwe, kwa hiyo moto haukuwaka. Bila mistari ile, king'ora kingelia jana yake alasiri na mayai yasingepoa hata nyuzi moja.

Siku ile nilifanya kila kitu nilichokuwa nimekikwepa. Nilimkalisha Mama Nyokabi kwenye swichi na kipimajoto cha kioo, awashe na azime kwa mkono. Mimi nikapanda darini. Nikavuta waya mpya, nikavuta na waya wa tatu, kwa tumbo, kwenye kinyesi. Nikashuka, nikaifungua draiva na kuitoa ile mistari yote. Mahali pake nikaandika kwamba 85 ni kosa, lipelekwe juu lilivyo. Mchana mashine ilirudi 37.5, ikitikisika vizuri.

"Ni nini ilifanya hivi?" Mama Nyokabi akaniuliza.

Nilikuwa na kipande cha waya mkononi, chenye alama za meno.

"Panya," nikasema.

Alikichukua, akakigeuza, akatikisa kichwa. Si uongo, nilijiambia. Panya yupo, meno haya hapa. Nikanawa mikono nikaenda nyumbani, na usiku ule sikupata usingizi.

Siku ya ishirini na moja ilikuwa Jumatatu. Nilifika mapema. Watu walikuwa wameshaanza kukusanyika uani na makatoni yao. Ndani ya mashine hakukuwa na hata ufa kwenye yai moja. Mama Nyokabi alikaa kwenye kiti karibu na mlango wa mashine, mikono magotini, akaniuliza kama yako hai. Nilisema sijui. Akainuka, akajifunga leso vizuri, akatoka uani. Nikamfuata.

"Mashine ilipata shida Alhamisi," aliwaambia. "Panya alikata waya. Sijui kama yatatoka leo, ama kesho, ama kama hayatatoka. Mkitaka kukasirika mnikasirikie mimi, ni mimi mliniachia. Lakini huyu fundi msimguse. Kama si yeye kukimbia hapa, tungepoteza yote."

Watu wakanigeukia. Mzee mmoja akaniambia ahsante. Vijana, nimewahi kutukanwa na wateja, nimewahi kufukuzwa na mbwa wa mteja, na nimewahi kudondoka kutoka darini nikaangukia meza ya chai ya mkurugenzi. Hakuna kilichoniumiza kama ile ahsante.

"Mama Nyokabi," nikasema, "panya alikata waya. Lakini mimi ndiye niliyeifunza kompyuta kukudanganya."

"Rudia."

Nikarudia. Nikaeleza yote: king'ora cha Jumapili, ile 85, mistari minane.

"Hiyo mistari ulichukua muda gani kuandika?"

"Dakika kumi."

"Na huo waya wa Alhamisi?"

"Nusu siku."

Nilingoja aninyooshee kidole cha kwenda zangu, na ningeenda.

"Sawa," akasema. "Basi utakaa hapa kwa mlango mpaka iishe. Kila mtu akikuja kuchukua zake, wewe ndiye utampea. Na kila mmoja utamwambia hivyo umeniambia, mmoja mmoja. Mimi sitasema tena panya."

Wa kwanza walianza kugonga ganda Jumanne asubuhi. Nilisikia sauti ndogo kutoka ndani ya yai, nikamwita Mama Nyokabi kwa sauti ya ajabu niliyoshangaa kuisikia, na tulisimama pamoja kichwa kwa kichwa kwenye kioo cha mlango. Hakujitenga. Kufikia jioni trei za juu na za kati zilikuwa zimejaa kelele. Nikakaa mlangoni kwenye kibao, nikigawa vifaranga na kusema dhambi yangu, tena na tena. Mtu wa tano niligundua naanza kuisimulia vizuri sana, nikajizuia.

Watu hawakuwa wakali kama nilivyostahili. Barasa, mtu wa Kakamega anayefanya kazi kiwandani Thika, alisikiliza mpaka mwisho, katoni lake likilia pii pii.

"Kwa hivyo ukikosa jibu ya sasa, unapeana ile ya mwisho?"

"Ndiyo."

"Hata mimi niko na hiyo programu. Bibi yangu akinipigia nikiwa Kamakis kwa nyama choma, namwambia niko pale nilikuwa mwisho. Kazini."

Wote uani walicheka, hata Mama Nyokabi aligeuka akajifanya anapanga trei. Mimi nilicheka pia, lakini nilikuwa nimeshaona trei ya chini kabisa. Baridi hukaa chini. Tuliisubiri hadi Jumatano mchana, na tukayamulika mayai yake kwa tochi, moja moja. Ndani hakukuwa na kinachosogea. Yalikuwa kumi na manne, na yote yaliandikwa jina moja, Wangeci.

Shosho Wangeci, bibi mzee wa mtaa ule, alikuja alasiri hiyo na katoni alilolitandika vitambaa vya sweta kuukuu. Anaishi peke yake, na kuku wake ndio anaoongea nao. Mama Nyokabi alianza kuinuka.

"Wacha niende mimi," nikasema.

Nilimwambia pale pale langoni kwamba yake hayakutoka, hata moja. Nikamwambia sababu. Sikutaja adapta wala kerneli. Nilisema mashine ilikuwa inanipigia kelele, nami badala ya kwenda kuona ni nini, niliifunika mdomo. Aliweka katoni chini taratibu.

"Kwani ulikuwa mgonjwa?"

"Hapana, shosho. Nilikuwa nakunywa chai."

Alikuwa akitazama vile vitambaa vya sweta.

"Mimi pia," akasema. "Mvua ikinyesha, nikisikia kuku wanapiga kelele huko nje, najiambia ni mvua wanaogopa. Kwa sababu blanketi iko na joto. Halafu asubuhi nahesabu, mmoja hayuko." Akaniangalia. "Lakini hao ni kuku wangu. Haya yalikuwa kwa mkono yako."

Akaliinua katoni lake.

"Jumamosi unakuja kunitafutia mengine," akasema.

Nilienda. Kuku wa Shosho Wangeci hawatagi kwenye kiota alichowatengenezea. Wanataga ndani ya majani marefu ya napier, na hakuna njia ya kuyapata mayai humo ila kwa magoti. Mhandisi mzima, nimekaribia kustaafu, nikatambaa asubuhi yote, majani yananikata masikio, na shosho akiwa nyuma yangu na fimbo akinionyesha pale niliporuka. Jogoo wa jirani alinirukia mara mbili. Nilipata mayai kumi na moja. Nikayaandika jina kwa penseli na kuyapeleka mwenyewe kwa Mama Nyokabi. Aliyapokea, akayahesabu, akaniambia niende nikaangalie waya tena kabla hajayaingiza. Nikapanda darini.

Ninyi siku hizi mnaiambia simu iwaandikie draiva, na nimeona kazi yake, inaandika safi kuliko mimi. Itumieni. Lakini haijui kanisa liko upande gani wa ukuta, na mkiiomba iwanyamazishie king'ora itakubali haraka kuliko nilivyokubali mimi. Mistari minane itaiandika kabla chai haijapoa.

Kati ya yale kumi na moja yalitoka tisa, na mmoja wao sasa ni jogoo mwekundu, mkubwa, mwenye kiburi. Shosho amempa jina langu. Huwika alfajiri, huwika saa nne, huwika watu wakiwa kwenye maombi ya nyumba ya pili. Majirani wameshamwomba shosho amchinje Krismasi mbili sasa, na kila mara huwajibu vile vile.

"Wacheni Kariuki apige kelele," huwaambia. "Yule mwingine alininyamazia."